Je, Wajua? Nani Aliona Nini Pale Dallas

Je, wajua kwamba Jacqueline Kennedy hakukumbuka kabisa kwamba alipanda juu ya buti la gari siku mumewe alipouawa? Picha zipo, na dunia nzima imeziona: Rais ameshapigwa kichwani, mkewe anatambaa kuelekea nyuma ya gari, na mlinzi Clint Hill anarukia kwa nyuma kumrudisha kitini. Alipohojiwa mwaka 1964 na Tume ya Warren, iliyochunguza mauaji hayo, Bi. Kennedy alisema picha ameziona, lakini tendo lenyewe halimo katika kumbukumbu yake. Hakuna shahidi aliyekuwa karibu kumzidi yeye. Mtu anaweza kuwa mkweli, akawa pale pale, na bado sehemu ya tukio ikampita.

Tukio lenyewe: Ijumaa, 22 Novemba 1963, saa 6:30 mchana, katika uwanja wa Dealey Plaza mjini Dallas, Texas. Gari la wazi la Rais John F. Kennedy lilikuwa likienda kilomita kama 18 kwa saa. Milio ilisikika, na ndani ya sekunde kama 8 hivi mambo yakawa yamekwisha.

Je, wajua Tume ya Warren ilikusanya ushahidi wa watu wangapi? 552. Kati yao 94 walifika mbele ya wajumbe wenyewe, 395 walihojiwa na mawakili wa tume, na waliobaki walileta maelezo ya maandishi. Ripoti ilitoka Septemba 1964 ikiwa na kurasa 888, ikafuatiwa na juzuu 26 za mahojiano na vielelezo. Anayesema ushahidi wa Dallas ulifichwa wote hajawahi kuziona juzuu hizo zimepangwa rafuni.

Je, wajua mashahidi walisema risasi zilitoka wapi? Hapa ndipo ubishi unapoanzia, basi tuziangalie takwimu zenyewe. Kamati Teule ya Bunge la Wawakilishi, iliyolichunguza upya suala hili kati ya 1976 na 1979, ilichambua maelezo ya watu 178 waliokuwa uwanjani. Watu 49 walisema ni upande wa ghala la vitabu vya shule, lililokuwa nyuma ya gari. Watu 21 walitaja kile kilima cha nyasi kilichokuwa mbele upande wa kulia. Thelathini walitaja kwingineko. Kundi kubwa kuliko yote, watu 78, walisema hawajui. Na sasa tazama hili: watu 132 walihesabu milio mitatu, na ni wanne tu waliodhani risasi zilitoka pande mbili. Nadharia ya wapigaji wawili inawahitaji wale 49 na wale 21 kwa pamoja, lakini mashahidi wenyewe, mmoja mmoja, karibu wote walisikia upande mmoja tu.

Kwa nini wasikubaliane? Dealey Plaza ni kama bakuli lililozungukwa na majengo marefu, ukuta wa zege na daraja la reli. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti hutoa milio miwili, wa bunduki na wa risasi yenyewe ikipasua hewa, kisha kuta zinarudisha mwangwi. Abraham Zapruder, aliyepiga ile filamu mashuhuri, alisimama kwenye ukingo wa zege pale pale kilimani. Aliiambia tume kwamba alidhani risasi zilitoka nyuma yake, lakini akaongeza kwamba mwangwi ulikuwa mwingi na sauti ilimjia kutoka kila upande. Wanaotetea nadharia ya kilima huinukuu sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili. Hiyo si haki kwa marehemu Zapruder.

Je, wajua kwamba wanaume watatu walikuwa chini kabisa ya miguu ya muuaji? Huu ndio ushahidi ambao mimi ningeuweka mbele ya mwingine wote, na ni ajabu jinsi unavyosahauliwa. Walikuwa wafanyakazi wa ghala, Wamarekani Weusi, wakiwa kwenye madirisha ya ghorofa ya tano kuutazama msafara. Dirisha ambalo tume ilisema risasi zilitoka, la ghorofa ya sita kwenye kona ya kusini mashariki, lilikuwa juu ya vichwa vyao. Mmoja alisema alisikia mlio, kisha kufuli ya bunduki ikivutwa, kisha ganda likianguka sakafuni, halafu tena, halafu tena. Mwingine aliangukiwa na vumbi la dari kwenye nywele hata mwenzake akamwonyesha.

Sasa pima. Mpiga picha wa gazeti aliyekuwa katika msafara alilipiga picha jengo hilo sekunde chache baadaye, na katika picha wawili wao wanaonekana dirishani wakichungulia. Juu, polisi walikuta maganda matatu ya risasi. Tume ilikwenda mbali zaidi: ilimrudisha yule aliyesikia maganda yakianguka mahali pale pale, ikamweka mtu ghorofa ya juu avute kufuli ya bunduki na kudondosha maganda, na chini sauti zikasikika. Ni mara chache shahidi wa masikio kujaribiwa hivyo akafaulu.

Na wajua kwamba mpiga picha mwingine, Robert Jackson, aliiona bunduki ikivutwa ndani ya dirisha lile lakini hakuweza kuipiga picha? Alikuwa ametoka kuitoa filamu kwenye kamera ampe mwandishi mwenzake, na kamera ilikuwa tupu. Siku mbili baadaye kamera ilikuwa na filamu, naye akaipiga picha ya Jack Ruby akimfyatulia risasi Lee Harvey Oswald, mshukiwa wa mauaji ya Rais, katika makao ya polisi. Picha hiyo ilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1964.

Kijana wa miaka 15 naye aliona kitu kama bomba kimechomoza dirishani. Alipoulizwa na tume kama mtu yule alikuwa Mzungu au Mweusi, alisema hawezi kujua. Wapo wanaomcheka kwa jibu hilo. Mimi namheshimu zaidi kwa sababu yake, maana aliishia pale macho yake yalipoishia.

Howard Brennan ni mgumu zaidi. Fundi huyu wa mabomba alikaa juu ya ukuta mfupi ng'ambo ya barabara, akaliangalia dirisha lile tangu kabla ya msafara kufika. Dakika chache baada ya mauaji aliwapa polisi wasifu: mwanaume Mzungu, mwembamba, miaka thelathini na kitu. Ilipofika saa 6:45, robo saa tu tangu mlio wa kwanza, redio ya polisi ilikuwa inatangaza wasifu unaofanana na huo. Lakini jioni ile, kwenye gwaride la utambulisho, hakukubali kusema kwa uhakika kwamba Oswald ndiye. Baadaye alisema alimtambua ila aliihofia familia yake.

Tumwamini vipi? Kwa maoni yangu, yale aliyoyasema dakika za mwanzo, kabla hajaliona jina wala sura ya mtu yeyote kwenye televisheni, yana uzito mkubwa: alilitaja dirisha sahihi kabla maganda hayajaokotwa. Yale aliyoyasema baadaye kuhusu sura yana uzito mdogo, kwa sababu picha ya Oswald ilishasambaa. Tume yenyewe haikuutegemea utambulisho wake kufikia uamuzi. Shahidi mmoja, maelezo mawili, mizani miwili tofauti. Wengi hutaka kumchukua mzima au kumtupa mzima, na hapo ndipo wanapopotea.

Je, wajua kwamba hata mashahidi wanaosaidia upande wa tume waliwahi kukosea vipimo? Kijana jirani aliyempa Oswald lifti asubuhi ile alimwona na kifurushi kirefu cha karatasi. Oswald alimwambia ni fimbo za pazia. Kijana yule na dada yake walikadiria urefu wa sentimita kama 70, ilhali bunduki ile ikifunguliwa, kipande chake kirefu kina sentimita 88. Wenye shaka wameujenga mnara mzima juu ya tofauti hiyo. Lakini mfuko wa karatasi ulikutwa ghorofa ya sita ukiwa na alama za Oswald, na fimbo za pazia hazikuonekana popote jengoni. Jicho hubahatisha urefu, hasa wa kitu kilichobanwa kwapani na mtu anayetembea mbele yako.

Bunduki yenyewe ilikuwa Mannlicher-Carcano ya Italia, namba C2766. Iliagizwa kwa posta Machi 1963 kutoka duka la Chicago kwa jina la bandia, A. Hidell, kwa mwandiko wa Oswald, na ikatumwa kwenye sanduku lake la posta Dallas. Gharama yake pamoja na usafirishaji ilikuwa dola 21.45.

Je, wajua kwamba Gavana John Connally, aliyejeruhiwa ndani ya gari lile lile, hakuikubali hoja ya risasi moja hadi kifo chake mwaka 1993? Tume ilisema risasi moja ilimpita Kennedy shingoni ikamjeruhi Connally. Connally alishikilia kwamba alisikia mlio wa kwanza, akageuka, ndipo yeye akapigwa na risasi nyingine. Nani ampinge mtu aliyebeba jeraha mwilini? Filamu ya Zapruder inampinga, ingawa kwa heshima. Inawaonyesha wote wawili wakishtuka karibu kwa wakati mmoja. Michoro mingi inayoiita risasi hiyo ya miujiza humweka Connally mbele ya Kennedy, moja kwa moja, kwenye kimo kimoja. Kiti chake kilikuwa chini zaidi na kimesogea ndani ya gari. Ukiviweka viti mahali pake, mstari unanyooka.

Madaktari wa hospitali ya Parkland walilitazama tundu la shingoni mwa Kennedy wakaliona dogo na safi, wakadhani risasi imeingilia hapo. Hawakumgeuza mgonjwa kuutazama mgongo. Walikuwa wanapigania uhai wake. Kisha wakapasua pale pale ili kuingiza mrija wa hewa. Madaktari wa hospitali ya Bethesda walioupasua mwili usiku ule hawakujua kwamba pale palikuwa na jeraha, hadi simu ilipopigwa Dallas. Uzembe ulikuwepo, na daktari mkuu wa upasuaji huo wa maiti alizichoma karatasi zake za awali zilizochafuka damu. Miaka sitini ya ubishi imekula riziki yake kwenye makosa hayo.

Je, wajua habari ya mtu wa mwavuli? Siku ilikuwa ya jua kali. Katika picha anaonekana mwanaume mmoja akifungua mwavuli mweusi karibu kabisa na pale Rais alipopigwa. Kwa miaka mingi ilisemwa alikuwa akitoa ishara kwa wauaji, na wengine wakadai mwavuli wenyewe ulikuwa silaha ya mshale wa sumu. Mwaka 1978 mtu huyo alifika mbele ya kamati ya Bunge na mwavuli wake. Alieleza kwamba alikuwa akimkejeli Kennedy kwa sababu ya baba yake, Joseph Kennedy, aliyeunga mkono sera ya Waziri Mkuu wa Uingereza Neville Chamberlain ya kumbembeleza Hitler. Chamberlain alijulikana kwa mwavuli wake mweusi. Maelezo hayo ni ya ajabu kiasi kwamba hakuna mtunzi ambaye angeyabuni, na ndiyo yaliyokuwa kweli.

Kamati hiyo hiyo ilihitimisha mwaka 1979 kwamba huenda palikuwa na njama. Wengi hulitaja hitimisho hilo bila kutaja lilijengwa juu ya nini. Lilitegemea ukanda wa redio ya polisi ambamo wataalamu walidai kuna mlio wa nne, kutoka kilimani, kwa uhakika wa asilimia 95. Kisha mpiga ngoma mmoja wa Ohio, aliyeipata nakala ya sauti hiyo kama zawadi ndani ya jarida, akaisikiliza mara nyingi hadi akasikia kitu walichokikosa wataalamu: sauti ya mkuu wa polisi wa wilaya akitoa maagizo ambayo aliyatoa baada ya Rais kupigwa. Mwaka 1982 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi lilikubaliana naye. Ile milio iliyodaiwa kuwa risasi ilirekodiwa dakika nzima hivi baada ya mauaji.

Je, wajua kwamba hesabu ya mashahidi waliokufa kimuujiza ilikuwa kosa la gazeti? Mwaka 1967 Sunday Times la London liliandika kwamba uwezekano wa mashahidi wengi kiasi kile kufa ndani ya miaka michache ni mdogo mno, tarakimu ikaenda hadi matrilioni. Kamati ya Bunge ilipouliza, gazeti likakiri kwamba mtaalamu wake wa hesabu aliulizwa swali lisilo sahihi, na kwamba habari hiyo ilikuwa kosa la uzembe. Ungamo hilo halikusambaa. Tarakimu inasambaa hadi leo.

Mwaka 1981 kaburi la Oswald lilifukuliwa kwa sababu mwandishi mmoja Mwingereza alidai aliyezikwa ni jasusi wa Kisovieti aliyechukua nafasi yake. Meno yalilinganishwa na rekodi za jeshi la wanamaji. Alikuwa Oswald.

Kesi pekee iliyowahi kufika mahakamani kuhusu njama ya kumuua Kennedy ilisikilizwa New Orleans mwaka 1969, dhidi ya mfanyabiashara Clay Shaw. Shahidi mkuu wa mashtaka alidai alikuwepo kwenye karamu ambako mauaji yalipangwa. Je, wajua kwamba kabla ya kesi shahidi huyo alipewa dawa ya kumlegeza akili na kutiwa kwenye usingizi wa hipnosisi ili akumbuke zaidi? Wazee wa baraza walihitaji muda usiofika saa moja kumwachia Shaw.

Na kumbukumbu haihitaji dawa ili ipinde. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu ya ajali ya magari. Kundi moja waliulizwa magari yalikuwa na kasi gani yalipogongana, kundi jingine yalipobamizana. Wiki moja baadaye waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la kubamizana, 16 kati ya 50 walisema ndiyo. Katika lile jingine, 7. Filamu haikuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Sasa mfikirie shahidi wa Dallas aliyehojiwa na polisi, FBI, mawakili, waandishi wa vitabu na watayarishaji wa filamu kwa miaka 30.

Swali ambalo wenye nadharia ya njama hawalijibu vizuri ni hili: Oswald alianza kazi ghalani tarehe 16 Oktoba, baada ya jirani kudokeza kwamba huenda pana nafasi. Njia ya msafara iliamuliwa Novemba na kuchapishwa magazetini siku tatu kabla ya ziara. Wapangaji wa njama wangewezaje kumweka mtu kwenye dirisha la barabara ambayo bado haijachaguliwa?

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani serikali ya Marekani ilikuwa safi. CIA iliificha Tume ya Warren mipango yake ya kumuua Fidel Castro. Ofisi ya FBI Dallas iliharibu barua ambayo Oswald mwenyewe aliwapelekea wiki kadhaa kabla ya mauaji, na jambo hilo lilifichuka mwaka 1975. Wakubwa wale walificha aibu zao, na kwa kufanya hivyo wakawanyima wananchi wao sababu ya kuwaamini. Kura ya maoni ya Gallup ya mwaka 2023 ilikuta Wamarekani 65 katika kila 100 bado wanaamini Oswald hakuwa peke yake. Nawalaumu zaidi waliochoma karatasi kuliko walioshuku.

Kwani njama zipo. Je, wajua kwamba usiku Abraham Lincoln alipopigwa risasi, 14 Aprili 1865, mtu mwingine alimchoma kisu Waziri wa Mambo ya Nje kitandani kwake, na wa tatu aliyetumwa kumuua Makamu wa Rais akapoteza ujasiri? Washtakiwa 8 walifikishwa mahakamani na 4 wakanyongwa Julai mwaka ule. Majina, silaha, nyumba waliyokutania, vyote vilipatikana ndani ya wiki chache.

Na Patrice Lumumba, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Kongo? Serikali ya Katanga ilitangaza Februari 1961 kwamba alitoroka akauawa na wanakijiji. Ulikuwa uongo, alikuwa ameuawa tangu 17 Januari, mbele ya maofisa wa Katanga na Wabelgiji. Polisi mmoja Mbelgiji alikuja kusimulia hadharani jinsi mwili ulivyoyeyushwa kwa asidi, na kwamba alibaki na meno. Tume ya Bunge la Ubelgiji ilikiri mwaka 2001 kwamba nchi yao ina dhamana ya kimaadili. Juni 2022 jino moja lilikabidhiwa familia. Hapa ushuhuda, nyaraka na kitu cha kushikika vilisema neno moja, na kilichopinduliwa ni taarifa rasmi.

Karibu zaidi nyumbani: mwaka 1960 mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alimfuata Seneta Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port kuomba nauli ya kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Miaka tisa baadaye, 5 Julai 1969, Mboya naye alipigwa risasi mchana, akitoka duka la dawa katika barabara ya Government, Nairobi. Nahashon Njenga alihukumiwa na kunyongwa mwaka ule ule. Wakenya wengi wanaamini alitumwa. Mtu aliyekwisha kunyongwa hawezi kuhojiwa tena.

Na Robert Ouko. Februari 1990 Waziri huyo wa Mambo ya Nje wa Kenya alitoweka nyumbani kwake Koru. Mtumishi wa nyumba alisema kwamba kwenye saa tisa usiku aliamshwa na sauti kama ya mlango unaofungwa, akaliona gari jeupe likigeuza chini ya njia ya kuingilia. Kijana mchunga mifugo ndiye aliyeuona mwili, umeungua, kwenye kilima cha Got Alila, kilomita chache kutoka nyumbani. Maofisa wakaanza kudokeza kwamba alijiua. Mpelelezi John Troon wa Scotland Yard alihitimisha kwamba aliuawa. Tume ya uchunguzi iliundwa, kisha ikavunjwa kwa amri ya Rais Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi. Mtu mmoja tu alishtakiwa kwa mauaji hayo, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru, na mahakama ilimwachia huru mwaka 1994. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.